Kodi moja wimbo mzima: gitaa la Jessie Mae Hemphill

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Morogoro, na mwaka huu tumeanzisha kabendi ketu pembeni. Binamu yangu anayesoma Marekani amenitumia albamu ya mama mmoja anaitwa Jessie Mae Hemphill. Albamu yenyewe ni She-Wolf. Nimeisikiliza wiki nzima na siielewi. Nilifundishwa kwamba bluzi, ule muziki wa watu weusi wa Marekani, ni vipimo kumi na viwili na kodi tatu, yaani mafungu matatu ya sauti zinazopigwa pamoja, lakini huyu mama anakaa kwenye kodi moja mwanzo mpaka mwisho. Wenzangu wa bendi, wote wanaume, wanasema ni mwanamke wa kijijini tu, gitaa alikuwa halijui. Je, hii ni bluzi kweli? Na kama ni bluzi, naipigaje? Maana nimejaribu kukaa kwenye kodi moja nikaishiwa baada ya dakika moja."

Marahaba, mwanangu. Nianze na hao wenzako, maana wameniudhi. Hawajasikiliza. Mtu asiyejua gitaa hawezi kukaa kwenye kodi moja dakika nne na watu wakaendelea kucheza. Ushahidi umeuandika mwenyewe: ulijaribu, ukaishiwa baada ya dakika moja. Kodi tatu zinambeba mpigaji. Mkono ukihama, msikilizaji anapata kitu kipya hata kama ridhimu, yaani mwendo wa mapigo, imelegea. Ukibaki kwenye kodi moja huna pa kujificha. Ridhimu ikilegea kidogo tu, kila mtu uwanjani anajua, na anakwenda kukaa.

Ndiyo, ni bluzi. Na ni bluzi ya ukoo mkubwa.

Hivyo vipimo kumi na viwili ulivyofundishwa vipo, usivitupe. Mwimbaji anasema mstari, anaurudia, kisha anamalizia na mstari wa tatu. Kila mstari unapewa vipimo vinne, na kodi zinahama kwa mpango unaojulikana, ukihesabu kwa ngazi za sauti: ya kwanza, ya nne, ya tano. Lakini jiulize mpango huo unamfaa nani. Unaifaa bendi. Watu wanane wenye tarumbeta, piano na besi hawawezi kuhama pamoja kama hawajakubaliana wanahamia wapi na lini. W.C. Handy alikuwa kiongozi wa bendi. Alichapisha The Memphis Blues mwaka 1912 na St. Louis Blues mwaka 1914 kwenye karatasi za muziki, na karatasi inataka hesabu. Wenye santuri wakafuata, vitabu vya kufundishia gitaa vikafuata santuri, na ndivyo hesabu hiyo ilivyokufikia wewe Morogoro.

Mtu anayepiga peke yake barazani hana wa kukubaliana naye. Akitaka kuvuta neno, analivuta, na gitaa linamsubiri. Akimaliza mstari mapema, anaingia kwenye mwingine. Kaa na kalamu uhesabu nyimbo za Jessie Mae. Utakuta mistari hailingani urefu, na hakuna hata mahali pamoja ambapo mchezaji angejikwaa, kwa sababu kinachoushika wimbo ni pigo la mguu. Kodi zingekuwa za nini?

Sasa fungua ramani ya jimbo la Mississippi. Upande wa magharibi, kando ya mto, kuna uwanda tambarare wanaouita Delta, nchi ya mashamba makubwa ya pamba. Bluzi nyingi unazozisoma vitabuni zinatoka huko. Ukienda mashariki kidogo ardhi inaanza kuinuka: vilima, misitu, mashamba madogo, vijiji vilivyotawanyika. Hapo ndipo ilipo miji midogo ya Como, Senatobia na Holly Springs. Muziki wa pale una tabia yake. Kodi ni moja, au moja na nusu, kuna mrindimo usiokatika, na kipande kifupi cha gitaa kinachorudi na kurudi mpaka mwili unakubali. Fred McDowell alikuwa mtu wa Como. R.L. Burnside na Junior Kimbrough, waliojulikana duniani mwishoni mwa karne iliyopita, walikuwa wa vilima hivyo hivyo. Ukiwasikiliza hao watatu na kisha ukarudi kwa Jessie Mae, utajua uko nyumba moja.

Lakini yeye ana jambo ambalo hao wanaume hawakuwa nalo, nalo ni babu yake.

Sid Hemphill alikuwa kipofu. Alipiga fidla, banjo, gitaa, ngoma, filimbi, na ile filimbi ya mianzi kadhaa iliyofungwa pamoja. Vyombo vingine alivitengeneza kwa mikono yake. Alitunga nyimbo za habari za pale pale kwao, na alikuwa na bendi iliyoalikwa na watu weusi na weupe. Mwaka 1942 Alan Lomax, mtafiti aliyezunguka Marekani akirekodi muziki wa wananchi, alimfuata Mississippi akamrekodi. Mabinti wa mzee huyo nao walikuwa wanamuziki. Mmoja wao, Rosa Lee Hill, alipiga gitaa na kuimba. Lomax aliporudi vilimani mwaka 1959 alimrekodi yeye pia, katika safari ile ile aliyokutana na Fred McDowell.

Jessie Mae alizaliwa katika ukoo huo tarehe 18 Oktoba 1923. Alishika gitaa akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo wenzako wanaposema "mwanamke wa kijijini asiyejua gitaa", wanamzungumzia mtu aliyelelewa katika chuo cha muziki ambacho hakikuwa na mlango wala ada. Babu anapiga, shangazi anapiga, mama anapiga, na mtoto analala akisikia. Sisi watu wa ngoma tunajua mtu wa namna hiyo anakuwaje. Hata jina la kodi anayopiga anaweza asilijue, lakini ukikosea pigo moja atageuza kichwa akutazame.

Na kabla ya gitaa lake kuna ngoma. Hapo ndipo penye jibu lako, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika vilima vile walikuwa na muziki wa filimbi na ngoma. Mtu mmoja anapuliza filimbi ya mwanzi, wengine wanamfuata na ngoma: moja kubwa ya kubeba kifuani na nyingine ndogo kama zile za gwaride. Mzee aliyejulikana zaidi kwa muziki huu katika kizazi cha Jessie Mae ni Othar Turner, mkulima wa karibu na Senatobia. Alikata mwanzi mwenyewe, akatoboa matundu kwa chuma kilichotiwa motoni, na kila mwisho wa kiangazi aliita watu shambani kwake, wakachinja mbuzi, wakachoma, ngoma zikazunguka uwanja huku watu wakizifuata nyuma kwa kucheza. Vyombo hivi asili yake ni vya kijeshi, vya gwaride, lakini ukisikia mapigo unajua gwaride limeachwa mbali. Ngoma kubwa inasema jambo lake, ndogo inaingia katikati ya maneno yake, na filimbi inarudia kipande kimoja kifupi juu yao. Haibadilishi kodi. Filimbi ya mwanzi ina kodi gani ya kubadilisha?

Jessie Mae alipiga ngoma hizo, kubwa na ndogo. Alikua nazo. Kisha akashika gitaa, na akalipa kazi ile ile. Uzi mnene ndio ngoma kubwa. Nyuzi za kati ndizo ngoma ndogo. Nyuzi nyembamba ndizo filimbi. Mguuni alifunga tari, lile lenye vibati vinavyolia pembeni, na wakati mwingine njuga. Mwanamke mmoja kwenye kiti, na uwanja mzima wa Othar Turner uko mikononi na miguuni mwake.

Nitakusimulia nilivyoelewa, maana hata mimi nilikuwa kama wewe. Rafiki yangu aliniletea diski ya She-Wolf, ile iliyotolewa upya mwishoni mwa miaka ya 1990, nami nikaiweka sebuleni kwa mama yangu, Tanga. Nilikuwa nimeshapiga solo kwenye bendi ya dansi miaka kadhaa, najiona nimefika. Wimbo wa kwanza nikasubiri ubadilike. Haukubadilika. Nikafika wa tatu nikasema hapa hakuna kitu, nikainuka kuizima. Mama alikuwa uani na ungo, anapepeta mchele. Nikasimama mlangoni. Ungo ulikuwa unapanda na kushuka na tari la Jessie Mae, pumba zinaruka pale pale vibati vinapolia, na mama wala hakujua anafanya hivyo. Alikuwa anazungumza na jirani habari za msiba. Sikuizima. Nilirudi nikakaa chini, sakafuni, nikaanza kusikiliza mguu badala ya vidole.

Usije ukachukua hadithi hiyo ukaenda kuwaambia wenzako kwamba muziki wa Mississippi umetoka Tanga. Watu waliopelekwa kule kwa minyororo walitolewa kwa wingi Afrika Magharibi, na pande za Kongo na Angola, na walichokijenga wao na vizazi vyao katika vilima vile ni chao, kimechanganyika na fidla za Wazungu na ngoma za jeshi na nyimbo za kanisani. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: mwili wako tayari unajua kufuata pigo lisilobadilika. Umelelewa nalo. Ni masikio yako tu yaliyofundishwa kusubiri kodi.

Turudi kwenye albamu yenyewe, maana historia yake inakuhusu ukiwa mwanamke mwenye gitaa.

Jessie Mae aliishi Memphis miaka mingi, akifanya kazi za kujipatia riziki kama watu wengine, kisha akarudi Mississippi. Mtafiti George Mitchell alimrekodi mwaka 1967, na David Evans akamrekodi mwaka 1973, lakini rekodi zile zilibaki kwenye makabati ya watafiti. Evans alikuwa mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Memphis State, na mwaka 1979 chuo kikaanzisha kampuni ndogo ya santuri iliyoitwa High Water. Hapo ndipo Jessie Mae alipopata santuri ndogo, na mwaka 1981 ikatoka albamu nzima, She-Wolf. Haikutolewa Marekani. Ilitolewa Ufaransa na kampuni ya Vogue. Alikuwa anakaribia miaka 58. Fikiria: mtu amepiga gitaa tangu utotoni, anaishi katika nchi iliyojaa studio, na albamu yake ya kwanza inatoka ng'ambo ya bahari akiwa na umri wa kuwa bibi. Nchi yake ilisubiri karibu miaka ishirini kuiuza diski hiyo madukani kwake.

Unapoisikiliza tena, usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Standing in My Doorway Crying. Huo hauna haraka. Gitaa linaingia na kipande chake, kinazunguka, kinazunguka tena, na sauti inaingia juu yake kama mtu aliyesimama mlangoni kweli, hana anakokwenda. Sikiliza jambo moja tu: akimaliza mstari wa kuimba, gitaa linamjibu kwa wimbo ule ule aliouimba. Haliongezi mbwembwe. Linasema alichosema. Katika ngoma zetu tungesema gitaa ni waitikiaji. Na anapoliachia lijibu, mara nyingine analiachia zaidi ya ulivyotarajia, unabaki unasubiri sauti irudi, na huko kusubiri ndiko wimbo unakokuumiza. Hakuna kodi ya nne itakayokupa hisia hiyo.

Kisha nenda Jessie's Boogie na Jump, Baby, Jump. Hizo ni za uwanjani. Zisikilize umesimama. Ukiweza kuzisikiliza umekaa kimya, kuna kitu hakijakaa sawa kwenye spika zako, au umechoka, kalale.

Black Cat Bone itakuhitaji maelezo kidogo. Katika imani za waganga wa watu weusi wa Kusini mwa Marekani, mfupa wa paka mweusi ni dawa, hirizi ya bahati na ya mapenzi. Ukisikia hivyo huhitaji nikueleze zaidi. Kila mtaa wetu una mtu anayejua dawa ya kumrudisha mume. Crawdad Hole ni wimbo wa zamani wa kila mtu, wa kwenda kuvua kamba wa mtoni, na nakushauri uulinganishe na nyimbo alizotunga mwenyewe, maana hapo utaona anavyouvuta wimbo wa watu wote mpaka unakaa kwenye pigo la kwao.

Katika baadhi ya nyimbo Evans mwenyewe anashika gitaa la pili, na kuna mpiga drams. Sikiliza walivyo na adabu. Hakuna anayejaribu kuujaza wimbo. Wenzako wakubali kujifunza hilo kwanza kabla hawajasema nani anajua gitaa.

Sasa hili la mwanamke. Umelitaja kwa mstari mmoja lakini najua ndilo linalokuuma, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka.

Katika miaka ya 1920 bluzi ilipoanza kuuzwa kwenye santuri, walioiuza walikuwa wanawake. Mamie Smith alirekodi Crazy Blues mwaka 1920, ikauzwa sana mpaka kampuni nyingi zikaanza kutafuta wanawake weusi wa kuimba. Wakaja Ma Rainey na Bessie Smith. Lakini wengi wao waliimba huku wanaume wakipiga. Mwanamke aliyeshika gitaa mwenyewe na kuliongoza alikuwa nadra kwenye santuri. Memphis Minnie alikuwa mmoja wao. Jina lake halisi ni Lizzie Douglas, na alianza kurekodi mwaka 1929 akaendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Sister Rosetta Tharpe aliingia na gitaa la umeme kwenye nyimbo za kanisani, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya, ukimaliza na Jessie Mae nakuomba umtafute. Elizabeth Cotten alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la mkono wa kulia juu chini bila kubadilisha nyuzi, na akapata mtindo ambao watu wanahangaika kuuiga mpaka leo.

Kwetu umeyaona mwenyewe. Kwenye dansi mwanamke anaimba au anacheza, gitaa liko kwa kaka. Nimefundisha gitaa zaidi ya miaka thelathini, na wasichana waliokuja kwangu nawahesabu kwa vidole. Wengi waliacha, na sikumsikia hata mmoja akisema ameacha kwa sababu vidole vilimuuma. Waliacha kwa maneno. Ndiyo maana nimekuandikia kwa kirefu.

Tazama jina la albamu. Mbwa mwitu katika bluzi ni dume. Bwana mkubwa wa Chicago, Chester Burnett, dunia nzima ilimwita Howlin' Wolf, mbwa mwitu anayelia, na yeye pia alikuwa mtoto wa Mississippi. Mama huyu akajiita mbwa mwitu jike. Tafuta picha zake: kofia pana ya wachunga ng'ombe, nguo zinazong'aa, gitaa la umeme mapajani, tari mguuni, na uso unaokutazama bila kuomba ruhusa. Alijulikana pia kwa kutembea na bastola. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya magurudumu huko Mississippi, na aliyetaka kumchezea alijua.

Heshima ilimfika hatimaye. Mwaka 1987 na 1988 alipewa tuzo ya W.C. Handy ya mwanamke bora wa bluzi ya asili, na albamu yake iliyofuata, Feelin' Good, ilitoka mwaka 1990 nayo ikapata tuzo. Alizunguka Ulaya kupiga. Kisha mwaka 1993 akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukapooza, na mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Gitaa likaishia hapo. Alibaki na sauti na mkono wa kulia, akaimba nyimbo za dini na tari. Alifariki Memphis tarehe 22 Julai 2006. Ukihesabu, tangu She-Wolf mpaka kiharusi ni miaka kumi na miwili tu. Hiyo ndiyo nafasi yote dunia iliyompa mpigaji huyu, na alikuwa tayari tangu zamani.

Basi, naipigaje?

Weka gitaa kando. Nasema kweli, liweke kando siku mbili. Funga tari mguuni kwa kitambaa. Kama kwaya yenu haina tari la kuazimisha, chukua kopo la soda, tia vijiwe, libane, lifunge kwenye kiatu. Kaa kwenye kiti kigumu, piga mguu wako mwendo wa kutembea, na uzungumze na mtu. Omba chumvi, ulizia habari za shule, mgombeze mdogo wako, na mguu usibadilike. Siku utakayoweza kuzungumza dakika kumi mguu haujayumba, chukua gitaa. Wanafunzi wangu hawapendi zoezi hili na wote huliruka, kisha hurudi kulianza upya.

Pili, legeza nyuzi. Wapigaji wengi wa vilimani walipenda gitaa lililopangwa ili nyuzi zikipigwa wazi zitoe kodi nzima bila kidole. Njia rahisi kwako ni hii: uzi wa sita, ule mnene, ushushe kutoka E mpaka D. Wa tano ushushe kutoka A mpaka G. Wa kwanza, ule mwembamba, ushushe kutoka E mpaka D. Nyuzi tatu za katikati ziache. Piga zote. Umepata kodi ya G, na mkono wa kushoto uko huru. Ndiyo maana kodi moja haimchoshi anayejua: mkono haukushikilia chochote, uko tayari kwenda kuimba.

Tatu, dole gumba la mkono wa kulia likae kwenye uzi wa tano na wa nne, na lisitoke hapo. Laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja ili sauti isivume sana. Unataka iseme "du", si "duuum". Dole gumba na mguu viwe kitu kimoja. Hiyo ndiyo ngoma kubwa. Kaa hapo dakika tano bila kuongeza kitu. Hapo ndipo ulipoishiwa mara ya kwanza, na najua kwa nini: ulikuwa unapiga kodi nzima kwa nguvu ile ile kila pigo. Ngoma haipigwi hivyo. Pigo moja linaanguka, jingine linaguswa tu. Jaribu kukazia la pili na la nne, kisha jaribu kukazia la kwanza peke yake, usikie uwanja unavyogeuka wakati hujahama popote.

Nne, imba. Usitafute kipande cha gitaa kwenye gitaa. Imba mstari mmoja wa Kiswahili, wowote, hata "nimekaa mlangoni, mgeni wangu hajafika", na uone sauti yako inapanda wapi na inashuka wapi. Kisha utafute wimbo huo kwenye nyuzi mbili nyembamba, kwa kidole kimoja cha kushoto, dole gumba likiendelea. Ukiupata, umepata kipande chako. Kiwe kifupi, sauti nne au tano zinatosha. Imba, nyamaza, gitaa lijibu. Imba, nyamaza, gitaa lijibu. Mara ya sita, liache lijibu mara mbili. Mara ya kumi, ondoa sauti ya mwisho uone pengo linavyowavuta watu. Hayo ndiyo mabadiliko ya wimbo huu. Ni madogo, na msikilizaji anayafuata kuliko anavyofuata kodi tatu alizokwisha kuzizoea.

Kuhusu chombo, usinunue kitu. Gitaa lolote la nyuzi sita linafaa. Kama lenu la kanisani ni la umeme, punguza ukali wa sauti kwenye amplifaya na uongeze besi kidogo, ipate uzito wa mbao. Usiguse kitufe cha mwangwi.

Na ukiwapelekea wenzako, usiwaeleze historia yote hii. Mwambie mpiga besi akae kwenye G na asitembee. Mwambie mpiga drams aweke vijiti chini apige kwa mikono, bila kujaza popote. Wape dakika nane, wewe ndiye unayeanza na wewe ndiye unayemaliza. Watataka kuhama kodi dakika ya pili. Watazame tu, endelea na mguu. Kuanzia dakika ya tano hivi, kama mguu wako haujayumba, mmoja wao ataanza kutikisa kichwa bila kujua. Hapo usiache. Kisha niandikie uniambie alikuwa nani.